Programu Inapogoma Kujengwa: WRF, MPI na Maktaba Zisizoelewana

Ujumbe ambao watafiti huniletea mara nyingi kuliko mwingine wowote ni mstari wa mwisho wa logi (rekodi ya hatua za ujenzi) ya WRF, modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa: `Problems building executables, look for errors in the build log`. Mstari huo haumwambii msomaji lolote zaidi ya kwamba kazi imeharibika na kwamba sababu yake iko huko juu, katika maelfu ya mistari iliyokwisha kupita. Ninahudumia klasta ndogo, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, inayotumiwa na watafiti wa hali ya hewa na rasilimali za maji, na sehemu kubwa ya kazi yangu si kuendesha modeli bali kuzifanya zijengeke pamoja na maktaba zote, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa na wengine, ambazo modeli hizo huzitegemea. WRF ni mfano mzuri wa kazi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni modeli inayotumika sana kwetu: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitumia, na kituo cha tabianchi cha ICPAC kilichoko Kenya vilevile. Pili, modeli hii, iliyokuzwa kwa uongozi wa kituo cha utafiti wa anga cha NCAR cha Boulder, Colorado, imeandikwa kwa lugha ya Fortran kwa sehemu kubwa, na inataka MPI (njia ya michakato mingi kuwasiliana), NetCDF na mara nyingine HDF5 (maktaba za kuhifadhi data), kwa hiyo karibu kila aina ya ugomvi unaozikumba programu za kisayansi za ukokotoaji sambamba, yaani kazi moja kugawanywa kwa prosesa nyingi, utaukuta humo.

Linalowapoteza wengi mwanzoni ni namna ya kuisoma logi yenyewe. WRF hujengwa kwa `make`, programu inayoendesha ujenzi faili kwa faili, iliyoamriwa kupuuza makosa na kusonga mbele. Moduli moja ikishindwa kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine, kila faili linaloitegemea nalo hulalamika kwamba halioni faili la `.mod` la moduli hiyo, na mafaili yanayoyategemea hayo hulalamika pia, mpaka logi inajaa vilio vya wafiwa huku marehemu mwenyewe akiwa amelala mwanzoni kabisa, mahali ambapo hakuna aliyefika kumtazama. Ndiyo maana mtu akiniletea picha ya mistari ishirini ya mwisho ya skrini yake, huwa namrudisha akalete faili zima, kisha tunaanza hivi:

`grep -n -E "[Ee]rror:" compile.log | head -3`

Nukta mbili zilizo baada ya neno hilo zina kazi yake. WRF ina faili linaloitwa `module_wrf_error.F`, na jina lake hutajwa tena na tena katika logi iliyo salama kabisa. Anayetafuta neno tupu bila nukta mbili atapata orodha ndefu ya makosa yasiyokuwepo. Herufi kubwa na ndogo nazo tunazikubali zote mbili kwa sababu gfortran, kompaila ya Fortran, huandika kosa kwa herufi kubwa, ilhali gcc, inayokompaili sehemu za C, huandika kwa herufi ndogo. Aidha, WRF isipoambiwa vinginevyo hujenga mafaili mawili kwa wakati mmoja, na ujumbe wa faili moja huweza kuingiliana na ujumbe wa jingine. Nikishindwa kuelewa kosa ni la nani, huanza upya kwa `./clean -a`, nikasanidi tena, kisha nikajenga kwa `-j 1`. Ni polepole, lakini logi hutoka ikiwa imenyooka.

Baada ya miaka ya kuzisoma logi za namna hii nimefikia maoni ambayo nitayatetea katika makala haya: programu za ukokotoaji sambamba hazishindwi kujengwa kwa sababu msimbo wake ni mbovu, isipokuwa kwa nadra. Hushindwa kwa sababu vitu viwili vilivyojengwa kwa nyakati tofauti, pengine na kompaila tofauti au na watu wasiojuana, vimekutanishwa bila mtu kuhakikisha kwamba vinakubaliana. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni nani na nani wasioelewana, na swali la chaguo gani liongezwe kwenye amri ya kompaila lisubiri nyuma yake.

MPI si programu moja

Wanafunzi wengi huizungumzia MPI kana kwamba ni kitu kimoja cha kusakinisha. MPI ni kiwango, yaani makubaliano ya maandishi ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994, na wanaoyatekeleza makubaliano hayo ni wengi; wawili wanaojulikana zaidi katika Linux ni Open MPI na MPICH. Kwa muda mrefu makubaliano yenyewe yalihusu msimbo tu. Yalisema kwamba kutakuwa na kitu kinachoitwa `MPI_COMM_WORLD`, lakini hayakusema kitu hicho kiwe na umbo gani ndani ya kompyuta. MPICH imekifanya kuwa namba kamili, 0x44000000. Open MPI, kwa upande wa C, imekifanya kuwa anwani inayoelekeza kwenye kitu kiitwacho `ompi_mpi_comm_world`. Maktaba iliyokompailiwa kwa mafaili ya vichwa (yenye matamko) ya Open MPI na kuunganishwa na MPICH itakataa mara moja, nawe utaona `undefined reference to ompi_mpi_comm_world`. Ujumbe huo huonekana wa kutisha, lakini mimi huufurahia, kwa kuwa jina la mgomvi limeandikwa ndani yake.

Upande wa Fortran hali ni ya hatari zaidi. Huko `MPI_COMM_WORLD` ni namba kamili kwa wote wawili, ila Open MPI huipa thamani ya 0 na MPICH huipa 1140850688, ambayo ni ile ile 0x44000000 ikiandikwa kwa desimali. Ukichanganya `mpif.h` (faili la matamko ya MPI kwa Fortran) ya mmoja na maktaba ya mwingine, kompaila haioni tatizo lolote, kiunganishi, kinachoziunganisha sehemu zilizokompailiwa, nacho kinaweza kukubali, na kosa likajitokeza pale tu programu inapoanza kukimbia na kulalamika kwamba imepewa kundi la mawasiliano lisilo halali. Mtu aliyekwisha kuona `wrf.exe` limetokea kwenye saraka ya `main` huwa hafikirii tena kurudi kwenye hatua ya kujenga. Hukimbilia kuchunguza data yake ya kuingiza, na huko hakuna kitu.

Kuna dalili moja ya ugomvi huu ambayo ningependa kila mtu aijue kwa sura. Unaagiza `mpirun -np 4 ./wrf.exe`, yaani programu ianzishwe kwa michakato minne, nayo inakimbia bila kulalamika. Ukitazama saraka ulitegemea kuona `rsl.error.0000` hadi `rsl.error.0003`, lakini unaona faili moja tu, lile la 0000, na kwenye skrini imeandikwa mara nne `starting wrf task 0 of 1`. Kilichotokea ni kwamba `mpirun` ni ya mmoja na maktaba iliyomo ndani ya `wrf.exe` ni ya mwingine. Michakato minne imeanzishwa kweli, lakini hakuna hata mmoja uliopokea habari za wenzake, hivyo kila mmoja unajiona uko peke yake duniani na unafanya kazi nzima tangu mwanzo, huku yote minne ikiandika juu ya mafaili yale yale ya matokeo. Nimewahi kumwona mtafiti akihitimisha kwamba ukokotoaji sambamba hauongezi kasi yoyote kwa modeli yake, na alikuwa na grafu ya kuthibitisha.

Uchunguzi wake ni wa amri tatu: `which mpirun` huonyesha ni mpirun ipi inayoitwa, `mpif90 -show` huonyesha kompaila halisi na maktaba zinazotumika nyuma ya pazia, na `ldd main/wrf.exe | grep mpi` huonyesha programu iliyokwisha kujengwa inategemea maktaba ipi. Majibu yote matatu yanapaswa kuelekeza sehemu moja. Yasipoelekeza sehemu moja, mara nyingi nakuta Conda, kisakinishi cha vifurushi vya Python, iko kazini: mtumiaji alisakinisha kifurushi cha Python chenye `mpi4py`, Conda ikaleta MPICH yake pamoja na `nc-config` yake, kisha mstari mmoja ndani ya `.bashrc` ukavitanguliza vyote hivyo mbele ya vile vya mfumo. Kabla ya kujenga chochote kwa Fortran nawaomba watu waandike `conda deactivate`, tena hadi jina la mazingira litoweke kabisa kwenye mstari wa amri.

Hata faili la usanidi la WRF lenyewe lina alama ya ugomvi huo. Ndani ya `configure.wrf` ya kompaila za GNU, katika baadhi ya matoleo, utakuta `DM_FC = mpif90 -f90=$(SFC)` na `DM_CC = mpicc -cc=$(SCC)`. Machaguo hayo ya `-f90=` na `-cc=` ni lugha ya MPICH. Open MPI haiyajui. Huyapitisha kama yalivyo kwa gfortran, nayo hulalamika kwamba haitambui chaguo hilo. Dawa ni kuyafuta na kuacha `mpif90` na `mpicc` peke yake, kwa kuwa kompaila ya ndani imekwisha kuchaguliwa tangu Open MPI ilipojengwa.

Mwezi Juni 2025 kiwango cha MPI 5.0 kiliidhinishwa, na kwa mara ya kwanza kinaeleza pia umbo la vitu hivi ndani ya kompyuta, ili programu iliyojengwa kwa utekelezaji mmoja iweze kukimbia kwa mwingine. Ni habari njema, ila klasta zetu zitaendelea kubeba maktaba za zamani kwa miaka mingi ijayo, na mimi siachi kuandika `ldd`.

Gfortran 10 na madeni ya zamani

Mwezi Mei 2020 GCC 10, familia ya kompaila yenye gfortran ndani yake, ilitoka, na programu nyingi za Fortran zilizokuwa zikijengwa vizuri kwa miongo kadhaa zikaacha kujengwa siku ile ile mfumo uliposasishwa. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa maana bado inawasumbua watu leo.

Taratibu kama `MPI_Send` na `MPI_Bcast` hupokea data ya aina yoyote: namba kamili, namba za desimali, safu ya vipimo vitatu, chochote. Fortran ya zamani haikuwa na njia halali ya kueleza jambo hilo. Waandishi wa programu waliandika tu `include 'mpif.h'` na kuita utaratibu ule ule, mara kwa safu ya `REAL`, mara kwa `INTEGER`, nayo kompaila ilinyamaza kwa sababu haikuwa na tamko rasmi la kulinganisha nalo. Gfortran 10 ilianza kulinganisha miito yenyewe kwa yenyewe. Ikiona ndani ya faili moja kwamba utaratibu umeitwa kwa aina mbili tofauti za data, inatoa `Type mismatch between actual argument at (1) and actual argument at (2)` na kusimama. Kisheria kompaila ina haki, kwani msimbo ule haukuwa halali tangu siku ya kwanza. Hata MPICH za mfululizo wa 3.3 ziligoma katika hatua ya kusanidi, zikieleza kwamba gfortran haikubali kukompaili mafaili yanayoita utaratibu mmoja kwa hoja za aina tofauti. ScaLAPACK, maktaba ya hesabu za matriki, nayo iliingia katika mkumbo huo.

Mtandaoni utaambiwa uongeze `-fallow-argument-mismatch`, na kweli kosa hugeuka kuwa onyo na ujenzi huendelea. Silipingi chaguo hilo. Kwa msimbo wa watu wengine, wa makumi ya maelfu ya mistari, ambao huna mamlaka ya kuuandika upya, ndilo suluhisho la busara. Ninachokipinga ni kulipachika kwenye amri ya kila kitu pamoja na `-w`, ambayo huzima maonyo yote, halafu kusahau. Baadhi ya maonyo yale ni ya kweli. Anayepitisha `INTEGER(8)` mahali ambapo MPI inatarajia `INTEGER` ya kawaida kwa ajili ya idadi ya vipengele atapata matokeo yanayobadilika kati ya kompyuta moja na nyingine, na onyo lile lilikuwa ndilo msaada pekee aliokuwa nao. Kwa hiyo nawashauri watu walitumie chaguo hilo kwenye mafaili yanayolihitaji tu, na wasome orodha ya maonyo angalau mara moja. Kwa msimbo wako mwenyewe achana na `mpif.h` na uandike `use mpi_f08`, moduli iliyokuja na MPI 3.0 mwaka 2012, ambayo hatimaye ilizipa taratibu hizi matamko halali.

Upande wa C kulikuwa na mtikisiko wa aina hiyo hiyo. MPI 3.0 iliondoa kabisa taratibu zilizokuwa zimeshatangazwa kuwa za kizamani tangu mwaka 1997, na Open MPI 4.0, iliyotoka mwaka 2018, ikaacha kuzitambua katika usanidi wake wa kawaida. Tiba yake ni ya moja kwa moja: `MPI_Address` inakuwa `MPI_Get_address`, `MPI_Type_struct` inakuwa `MPI_Type_create_struct`, na `MPI_Errhandler_set` inakuwa `MPI_Comm_set_errhandler`. Kisha GCC 14 ya mwaka 2024 ikageuza wito wa utaratibu usiotangazwa kuwa kosa badala ya onyo. Hapo kuwa macho na hatua ya `configure`: jaribio dogo lililoandikwa ovyo miaka ya tisini linaweza kushindwa kwa sababu hiyo, nayo `configure` ikahitimisha kwamba maktaba fulani haipo, ilhali ipo. Ukweli huwa ndani ya `config.log`.

NetCDF na HDF5

WRF hutaka kibadilika cha mazingira `NETCDF` kinachoelekeza saraka moja yenye `include` na `lib`, ikitarajia kukuta humo maktaba ya C na ya Fortran kwa pamoja. Tangu NetCDF 4.2, sehemu ya Fortran ni kifurushi kinachojitegemea, na Ubuntu huweka maktaba zake ndani ya `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, ambako WRF haitafuti. Wengi hutengeneza saraka mpya na kuijaza viungo vya ishara vinavyoelekeza huku na huko. Inafanya kazi, mradi yote yanayoelekezwa yawe yamejengwa na kompaila moja.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa. Faili la `netcdf.mod` si sawa na faili la kichwa la C, kwani huandikwa na kompaila kwa umbo lake yenyewe, na toleo jingine la gfortran, achilia mbali kompaila ya Intel, linaweza kushindwa kulisoma. Likifunguliwa na mgeni utaambiwa kwamba limetengenezwa na toleo tofauti la GNU Fortran. Usibahatishe ni lipi. Mafaili ya `.mod` ya gfortran yamebanwa kwa gzip, hivyo `zcat netcdf.mod | head -1` itakuonyesha mstari wa kwanza wenye namba ya toleo la umbo hilo. Ilinganishe na ya `.mod` yoyote uliyoijenga mwenyewe dakika ile. Zikitofautiana, jenga upya netcdf-fortran kwa kompaila unayotumia na uache kutafuta njia ya mkato.

Kuhusu HDF5, Ubuntu na Debian hutoa aina tatu: ya kawaida, ya Open MPI na ya MPICH. Zina taratibu zenye majina yale yale, isipokuwa kwamba aina mbili za mwisho zina nyongeza kama `H5Pset_fapl_mpio`. Ukiambiwa na kiunganishi kwamba utaratibu huo haupo, tazama kama `H5_HAVE_PARALLEL` imewekwa ndani ya `H5pubconf.h` unayoitumia, isipowekwa, umeunganisha HDF5 ya kawaida. Hata hivyo, nawauliza watu kwanza kama wanaihitaji kweli HDF5 sambamba. WRF inakokotoa kwa michakato mingi bila hiyo, kwa kuwa mchakato mmoja hukusanya data na kuiandika kwa NetCDF ya kawaida. Kwa eneo la ukubwa wa Tanzania kwenye klasta ndogo, sijaona faida inayolingana na usumbufu. Anayezidiwa na uandishi wa matokeo anaweza kujaribu PnetCDF, ambayo haitegemei HDF5 hata kidogo.

Yapo makosa mengine ambayo si ya maktaba kabisa. `./compile`, amri ya kuijenga WRF, ni hati ya csh (aina moja ya shell), na Ubuntu haisakinishi csh yenyewe, kwa hiyo unaambiwa faili halipo ilhali unaliona mbele yako. Kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaweza kuua `f951`, yaani kompaila halisi ya Fortran, katikati ya faili kubwa, punguza `-j`. Ndani ya kontena, Open MPI hukataa kukimbia kwa jina la root, na ikikosa nafasi za kutosha husema hakuna `slots`. Majaribio huonekana kuwa yamefeli ilhali hayakuanza, na `--oversubscribe` hutatua hilo la pili. Na kama `TMPDIR`, saraka ya mafaili ya muda, ina njia ndefu mno, soketi za Unix hukataa, kwani Linux hairuhusu jina lake kuzidi baiti 108.

Kwenye klasta nimeacha kujenga kwa mikono na natumia Spack, zana ya kujenga na kusakinisha programu, iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore huko California. Sababu yangu ni amri moja, `spack spec wrf ^openmpi`, ambayo huonyesha mti mzima wa maktaba, kompaila na matoleo kabla ya chochote kujengwa, ili ugomvi uonekane ukiwa bado ni maandishi. Gharama yake kwetu ni intaneti, maana hupakua msimbo wa karibu kila kitu. Naweka nakala za vifurushi kwenye seva ya ndani na kuwaelekeza wote huko.

`wrf.exe` likishatokea, huwa silikabidhi kwa mtafiti kabla ya jaribio moja zaidi. Najenga nakala iliyosanidiwa kwa `./configure -d`, ambayo huzima uboreshaji wa kasi, naikimbiza saa chache za modeli kwa mchakato mmoja, kisha kwa minne, halafu nalinganisha mafaili mawili ya `wrfout` kwa `diffwrf`, programu ndogo inayokuja na WRF ndani ya `external/io_netcdf`. Matokeo yanatakiwa kufanana hadi biti ya mwisho. Yakitofautiana, narudi kwenye `ldd` na kuanza kuuliza upya.